Mwaloni wenye tundu: shusha tanga, mlingoti uache

Msomaji mmoja, mama wa watoto wawili aliyehamia Suffolk, mashariki mwa Uingereza, ameniandikia barua ndefu. Naifupisha hivi:

"Nyumba tuliyonunua mwaka juzi ina mwaloni mkubwa mwisho wa bustani. Nimeuzungushia futi kamba usawa wa kifua, nikapata mita 5 na sentimita 60. Mume wangu anakadiria urefu wake ni mita 17. Upande wa mashariki una tundu ambalo mwanangu wa miaka saba anaingia na kusimama wima. Ukingo wa tundu nimeupima kwa rula: sentimita 20 mahali pengine, 30 pengine. Juu kuna matawi makavu kama pembe za swala, na Septemba iliyopita pakaota uyoga mwekundu unaofanana na ini la ng'ombe. Jirani anataka tuukate kwa sababu tawi moja refu limepita juu ya banda lake. Alikuja mtu na gari akasema ataupunguza nusu kwa siku moja. Mwingine akasema tuujaze zege. Mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, anasema mti wenye pango una wenyewe, usiguswe kabisa. Tumsikilize nani? Na mwanangu aendelee kuingia humo?"

Dada yangu, kati ya wote hao bi mkubwa ndiye aliyekaribia jibu, ingawa sababu zangu si zake. Mti huo una wenyewe kweli. Kuna uwezekano wa popo, bundi, kigogota, mbawakawa wa kila namna, na sheria ya Uingereza inawatambua baadhi yao kama wapangaji wasiofukuzwa. Nitafika huko. Ila hilo la kutougusa kabisa silikubali moja kwa moja. Kwa vipimo ulivyonipa, naona mti wako unahitaji kuguswa: kidogo, kwenye ncha tu, na kwa muda ambao pengine utazidi ule mtakaoishi kwenye nyumba hiyo.

Tuanze na tundu, maana ndilo linalowatisha watu. Shina la mwaloni halina uhai kutoka gome hadi katikati. Kiini chake, ile mbao ngumu ya kahawia, kilikwisha kufa zamani, mti wenyewe ukiwa mzima. Kinachoishi ni ganda la nje: gome, utando mwembamba unaozaa mbao mpya, na pete chache za mbao nyeupe, mara nyingi sentimita chache tu kwa unene. Maji mengi yanayopanda kwenda kwenye majani hupita kwenye pete ya mwaka huo huo. Kwa hiyo kuvu anayekula kiini hapori chakula cha mti. Anakula kilichokwisha wekwa kando.

Na mti haukai kimya. Mwaka 1977 mtafiti wa Marekani, Alex Shigo, alieleza jambo ambalo sisi tunaokwea miti kwa kazi tunaliona kila siku: mti hauponi kidonda kama mwili wa mtu. Hauwezi kufufua seli zilizooza. Unachofanya ni kujenga kuta kuzunguka palipoharibika, kisha unaendelea kuweka mbao mpya nje ya kuta hizo. Ndiyo maana nakusihi usimruhusu mtu yeyote akwangue uozo ndani ya tundu "kulisafisha". Akivuka ukuta huo kwa patasi, amemfungulia kuvu mlango uliokuwa umefungwa kwa miaka mia.

Ingia na tochi siku moja isiyo na upepo, mtu mwenye leseni akishasema hamna popo, kwa sababu nitakayoitaja chini. Nyoosha mkono juu kwenye ukuta wa ndani. Utagusa vumbi la kahawia, laini kama kahawa iliyosagwa, na pengine utakuta kamba nene kama kidole inayoshuka kutoka juu hadi kwenye mboji ya chini. Huo ni mzizi. Mwaloni mkongwe hutoa mizizi ndani ya tundu lake na kunyonya rutuba ya kiini chake mwenyewe kilichooza. Mara ya kwanza kuuona nilikuwa juu ya kamba, nikashuka nikamwita mwenzangu aje ashuhudie, maana nilidhani naota.

Uyoga wa ini kitaalamu ni Fistulina hepatica, na hilo neno la pili la Kilatini linasema ini hilo hilo. Ukiukata kwa kisu unatoa maji mekundu. Ni mlaji wa polepole mno, mwenye kuhesabu kwa miongo, na mbao aliyopitia hugeuka kahawia iliyokolea ambayo maseremala wa Uingereza huitafuta kwa samani na kuilipia zaidi. Kwenye mwaloni mkongwe, kumwona mimi hunitoa wasiwasi zaidi kuliko kunitia. Ningekunja uso kama ungeniambia umeona uyoga chini, penye maungio ya shina na mizizi. Yupo Ganoderma, rafu ngumu yenye unga wa kahawia kama kakao. Yupo Pseudoinonotus dryadeus, bonge linalotoa matone ya rangi ya kaharabu. Yupo uyoga wa asali, wenye nyuzi nyeusi kama kamba za viatu chini ya gome. Hao hula miguu, na mti usio na miguu haupigi hodi kabla ya kuanguka. Kati ya Septemba na Novemba zunguka shina lote ukiwa umechuchumaa, piga picha kila kinachoota, umwonyeshe mtaalamu.

Sasa hesabu, na usiiogope, ni ya darasa la saba. Mzunguko wa mita 5.6 unatupa nusu kipenyo ya sentimita 89. Ukuta wako una wastani wa sentimita 25. Mwanafizikia wa Ujerumani, Claus Mattheck, aliwaambia watu katika miaka ya 1990 kwamba ukuta ukipungua chini ya theluthi hivi ya nusu kipenyo (yeye alitumia 0.3) mti uangaliwe kwa jicho la pili. Wako uko 0.28. Mkataji wa chenso akikusomea namba hiyo atakuambia mti umeshindwa mtihani. Lakini mtazame mwanzi, au bomba la baiskeli: katikati hamna kitu na bado linabeba mzigo, kwa sababu nguvu ya kupinda imo kwenye ukingo. Tundu lenye kipenyo cha nusu ya shina linapunguza nguvu kwa asilimia 6 tu. Tundu kama lako, lenye kipenyo cha karibu asilimia 72 ya shina, linaacha karibu robo tatu ya nguvu, kama duara lingekuwa limefungwa. Lako lina mlango upande wa mashariki, kwa hiyo toa tena kidogo. Kumbuka pia kwamba kanuni ya Mattheck ilitokana na kulinganisha miti iliyosimama na iliyovunjika, mingi ikiwa na matawi yake yote. Mialoni mikongwe iliyojifupisha inasimama na kuta nyembamba kuliko hizo karne nzima. Huko Bowthorpe, Lincolnshire, upo mmoja wenye mzunguko wa zaidi ya mita 12 ambao katika karne ya 18 mwenye shamba aliugeuza chumba cha kulia wageni, na sakafu na mlango. Bado unatoa majani.

Niseme neno juu ya kichwa, maana nitalitumia sana: kichwa cha mti ni matawi yote na majani yake. Mimi ni mtu wa Pangani, baba yangu alikuwa mkwezi wa minazi, na miti ya Uingereza naielewa kwa jahazi. Shina ni mlingoti. Kichwa ni tanga. Upepo ukizidi nguvu, nahodha hashiki shoka akakata mlingoti. Anashusha foromali, ule mti unaobeba tanga, anafungua tanga kubwa, anafunga dogo, kisha safari inaendelea. Mlingoti wako umepoteza robo ya nguvu au zaidi kidogo, basi tutafute tanga lililopungua kwa kiasi hicho.

Na kinachoshangaza ni jinsi kidogo kinavyotosha. Tuseme kichwa chako kinaanzia mita 4 kutoka ardhini hadi 17, na upana wake ni mita 18. Ukishusha kilele mita 2, na ukaingiza ncha za pembeni mita 1 kila upande, eneo linalopigwa na upepo linapungua kwa robo. Kitovu cha tanga nacho kinashuka kama mita moja, kwa hiyo wenzo unaovuta mizizi unafupika. Ukizidisha vyote viwili, mzigo kwenye shina unapungua kati ya robo na theluthi. Hapo hata sijahesabu kwamba upepo wa chini ni mpole kuliko wa juu. Mita 2 juu na moja moja pembeni! Jirani akitazama kutoka barabarani atauliza fundi anakuja lini.

Sasa yule wa "nusu kwa siku moja". Nitakusimulia kosa langu, maana ndilo lililonifanya niandike majibu marefu namna hii.

Mwaka wangu wa pili katika kazi hii, kampuni niliyokuwa nikiitumikia ilitutuma kwenye mwaloni mkongwe nyuma ya nyumba ya mzee mmoja. Alitaka mwanga jikoni. Agizo lilisema tupunguze mita 6, nami nilikuwa kijana mwenye nguvu na sina swali. Tulikata matawi yenye unene wa paja. Mwaloni una tanini nyingi, kemikali ile ile inayoupa chai ukakasi, na tanini ikikutana na chuma hutoa weusi ule ule uliotumika zamani kutengeneza wino. Jioni viganja vyangu vilikuwa vya buluu iliyokoza kama karani wa mahakama, na kila kikonyo tulichoacha kilikuwa na duara pana la kiini, rangi ya asali, wazi mbele ya mvua. Majira ya joto yaliyofuata mti ulitoa machipukizi mengi, marefu, yenye majani makubwa. Mzee akafurahi, akasema umependa. Haukuwa umependa, ulikuwa unatoa akiba yake ya mwisho. Mwaka wa tatu machipukizi yakakauka kutoka ncha. Mwaka wa tano tukarudi na chenso kuuondoa, na mzee hakutoka nje.

Niliyoyaelewa baadaye ni haya. Mti huishi kwa sukari inayopikwa na majani, na mti mkongwe una shina kubwa la kulisha kwa jikoni dogo. Ukiondoa nusu ya jiko kwa mkupuo, kuta za Shigo hazina tena mjenzi. Zaidi ya hapo, shina kongwe halifanyi kazi kama kitu kimoja. Limegawanyika katika nguzo za mbao hai, kila nguzo ikiunganisha mzizi fulani na tawi fulani. Ukikata tawi zima karibu na shina, unaua nguzo yake hadi chini, na mzizi wake nao unakufa njaa. Nje utaliona gome limedidimia kama mfereji wima. Chunguza kama wako una mifereji ya namna hiyo. Mbao iliyovimba kati ya mfereji na mfereji ndiyo mti wenyewe sasa, na tawi linalolishwa na kila uvimbe ndilo la kulindwa kuliko yote.

Mwaloni wenyewe unajua kazi hii kuliko sisi. Waingereza wana msemo kwamba mwaloni hukua miaka 300, hukaa miaka 300, na hufa miaka 300. Katika awamu hiyo ya tatu unaacha kilele kikauke na kujenga kichwa kipya cha chini, kipana, karibu na mizizi. Zile pembe za swala ulizoziona ndizo hizo: tanga kuukuu ambalo mti umekwisha lishusha wenyewe. Watu huziona wakadhani ugonjwa. Sisi tunachofanya ni kuusaidia mti uteremke hatua kwa hatua, pale ambapo dhoruba moja ingeweza kuushusha kwa kishindo.

Kwa hiyo fundi atakayekuja afanye hivi. Apande kwa kamba, bila viatu vya miiba. Baba alikuwa akikata ngazi kwenye mnazi na mnazi haukujali sana, lakini mnazi uko karibu na nyasi kuliko na mwaloni, hauna utando wa kuzaa mbao mpya, na mwaloni ni kiumbe kingine kabisa. Kila tundu la mwiba kwenye gome hai ni kidonda. Afike kwenye ncha, si katikati ya tawi. Akate mpaka kwenye kitawi cha pembeni kitakachochukua uongozi, na kitawi hicho kiwe na unene usiopungua theluthi ya kile kinachoondoka, la sivyo kitazidiwa. Jeraha likizidi sentimita 10 kwa upana linafika kwenye kiini, nacho hakijui kujifunga. Mimi hujizuia kwenye 5 hadi 7 ninapoweza, na hapo msumeno wa mkono unatosha. Chenso huwatia watu tamaa. Rangi ya kupaka majeraha abaki nayo, haisaidii.

Machipukizi yote ya ndani na ya chini yaachwe. Nasisitiza, kwa sababu fundi mwenye bidii huyafyeka ili mti "upendeze", akakabidhi matawi marefu yenye manyoya mwishoni kama mkia wa simba. Amefanya kinyume: uzito wote umebaki kwenye ncha, na kichwa kipya cha kesho amekitia kwenye mashine ya kusagia.

Tawi la juu ya banda la jirani ndilo ningelianza. Hujaniambia urefu wake, lakini matawi ya namna hiyo huwa na mita 10 au zaidi, yamelala, na majani yote yako mwisho. Nyoosha mkono na ndoo ya maji kwenye vidole, utaelewa bega lake linaonaje. Kupunguza mita 1.5 au 2 za mwisho kunaondoa sehemu ndogo ya uzito lakini sehemu kubwa ya mzigo begani. Ile mikavu ya juu iache. Kiini cha mwaloni mkavu hukaa angani miongo mingi, na wadudu wanaokaa humo hawana pengine pa kwenda. Uingereza kuna zaidi ya aina 2,300 za viumbe vinavyotumia mialoni, na baadhi haviishi kwenye mti mwingine wowote. Tawi kavu lililo juu ya banda lifupishwe, hayo mengine hayamdai mtu.

Baada ya hapo, subirini miaka mitano hivi. Mti ukijibu kwa machipukizi ya chini yenye afya, shusheni hatua ya pili, mita nyingine moja. Halafu tena. Mpango mzuri wa mwaloni wenye umri huo huandikwa kwa miaka 20 au 30. Bandu bandu huisha gogo, wasemavyo wazee, lakini kwa mwaloni mkongwe ndiyo inayoliokoa. Umri kamili usiniulize, wala usimwamini anayekutajia mwaka. Kwa mzunguko huo naweza kusema karne tatu hivi, pengine zaidi, lakini pete za kuhesabu zilikuwa katikati na zimekwisha geuka ile kahawa iliyosagwa.

Wakati wa kukata ni katikati ya baridi, au katikati ya majira ya joto majani yakiwa yamekomaa. Usiguse wakati majani yanafunguka Aprili na Mei, maana akiba imetoka ghalani na bado haijarudishwa, wala wakati yanapukutika. Mwaka wa ukame, ahirisha. Na kabla hata ya kumwita fundi, simama chini ya mti Julai utazame juu. Ukiona mbingu nyingi kupita majani, vitawi vya mwaka huu vina urefu wa sentimita moja mbili tu, na Agosti mti hautoi lile jani jipya jekundujekundu la pili, basi mti umechoka. Mti uliochoka hauanzwi na msumeno. Unaanzwa na udongo.

Hapa ndipo ningependa mtumie pesa zenu kwanza. Ushauri rasmi wa serikali huko Uingereza kwa miti mikongwe ni kuacha eneo lenye nusu kipenyo ya mara 15 ya kipenyo cha shina, au mita 5 kupita ncha za matawi, lolote lililo kubwa zaidi. Shina lako lina kipenyo cha mita 1.78, kwa hiyo ni karibu mita 27 kila upande. Pengine ni bustani yote na nusu ya bustani ya jirani! Hamwezi kuifunga yote, lakini humo gari lisiegeshwe, zege lisimwagwe, na mtaro usichimbwe bila kuuliza, kwa sababu mizizi mingi imo kwenye nusu mita ya juu hivi.

Kuna kisa ambacho kila mtu wa fani hii hukisimulia. Katika bustani ya Kew, London, upo mwaloni mchanganyiko uliopandwa 1798, unaoitwa Turner's Oak. Kufikia miaka ya 1980 ulikuwa unadhoofika. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1987 ikaja ile dhoruba iliyoangusha miti kama milioni 15 kusini mwa Uingereza, ikaunyanyua mwaloni huo na mizizi yake, kisha ikauketisha pale pale. Wakauwekea nguzo wakingoja ufe, wakishughulika kwanza na miti iliyolala. Baada ya miaka michache wakaukuta umenawiri kuliko ulivyokuwa kabla. Dhoruba ilikuwa imeulegezea udongo ulioshindiliwa na nyayo za wageni kwa miaka mingi.

Wewe huna haja ya dhoruba. Ondoa nyasi chini ya kichwa cha mti, tandaza vipande vya mbao vilivyosagwa, unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiacha nafasi kuzunguka shina lenyewe. Acha majani ya vuli yalale humo. Mbolea ya dukani usitie.

Sheria. Kabla ya msumeno wowote, piga simu halmashauri, omba kuzungumza na afisa wa miti, uliza kama mti una amri ya ulinzi au kama mnaishi eneo la hifadhi ya majengo. Mti wa ukubwa huo usiwe na amri ningeshangaa kidogo. Ukiwa nayo, mnaomba kibali, maombi hayana ada, na jibu linatakiwa ndani ya wiki 8. Kwenye eneo la hifadhi mnatoa taarifa na kungoja wiki 6. Anayeua mti uliolindwa anaweza kutozwa faini isiyo na kikomo, na mwenye mti anaweza kushtakiwa pamoja na mkataji, kwa hiyo yule wa gari akikuambia "usijali, mimi nitashughulika", jali. Popo nao wamelindwa na sheria ya 1981, na kuharibu makazi yao ni kosa hata siku ambayo wenyewe hawamo. Tundu lako ni nyumba ya popo mpaka mtu mwenye leseni aseme siyo. Ndege wakiwa na viota, kuanzia Machi hadi Agosti, kazi husubiri.

Jirani ana haki ya kukata yanayovuka mpaka wake, ila haki hiyo inakoma mti ukiwa na amri ya ulinzi. Mwendee kabla hajaitumia. Mpelekee na takwimu hii: kwa Uingereza nzima, watu wanaouawa na miti inayoanguka ni wastani wa sita hivi kwa mwaka, hatari ya mtu mmoja katika milioni 10. Si sifuri, na ninyi kama wenye mti mna wajibu wa kuukagua na kuandika mlichokiona. Ripoti ya mtaalamu iliyowekwa kwenye faili ndiyo kinga yenu siku ya lawama. Tafuteni mshauri asiyeuza ukataji, mwenye bima, na ikiwezekana mwenye cheti cha VETcert cha miti mikongwe. Atagonga shina kwa nyundo ya plastiki akisikiliza, na akiona shaka atapima kwa mawimbi ya sauti. Sindano ya kutoboa aitumie akilazimika tu, maana nayo hupita kwenye zile kuta.

Na kama banda la jirani ni la kuhifadhia mashine ya kukatia nyasi, muulize kama anakubali mlihamishe mita nne kwa gharama yenu. Nimeliona hilo likimaliza ugomvi wa miaka mitatu kwa siku moja ya Jumamosi na watu wanne wa kubeba.

Zege sikulisahau. Lilikuwa kazi ya heshima Ulaya na Marekani enzi za babu zetu, na bado nakutana nalo ndani ya miti, kwa kawaida meno ya msumeno yakiligundua kabla yangu. Mti unayumba, zege haliyumbi. Kila upepo linasaga ukuta hai kutoka ndani, na maji yanakaa kati yao. Mwambie asante, hapana.

Uliuliza mwishoni kama mtoto aendelee kuingia. Siku ya utulivu, kwa dakika chache, na mtu mzima akiwa karibu, mimi ningemruhusu, pindi mkaguzi atakapokuwa ameupitia mti na kuuliza habari za popo. Kukiwa na upepo, hapana, wala siku za joto kali mchana usio na hewa, kwa sababu mialoni ina tabia ya kuangusha tawi zima siku kama hizo bila hata jani kutikisika. Na mwekee njia moja ya vipande vya mbao hadi kwenye tundu, apite hapo hapo kila mara. Akikuta uyoga wa ini Septemba hii, achukue picha na rula pembeni, aandike tarehe. Fundi atakayekuja baada ya miaka mitano ataiomba.